Amana ya Ushauri: Wanasayansi Mbele ya Watawala

Katika Sura Yusuf ya Kurani Tukufu mna habari ya mfalme aliyeota ndoto iliyomfadhaisha, akawakusanya wakubwa wa baraza lake awaulize maana yake. Wakubwa hao wakamjibu kwamba hizo ni ndoto za ovyo tu, na wao si wajuzi wa kufasiri ndoto. Jibu likapatikana gerezani. Hadhrat Yusuf a.s., aliyekuwa amefungwa kwa kusingiziwa, alimweleza mjumbe wa mfalme kuwa itakuja miaka saba ya neema, na baada yake miaka saba ya njaa. Wala hakuishia kwenye tafsiri. Aliongeza shauri la kazi: walime kwa juhudi, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo watakachokula. Mkulima yeyote wa mtama au ngano ajua uzito wa shauri hilo, maana punje iliyomo ndani ya suke hukaa muda mrefu kuliko iliyokwisha kupurwa.

Wasomaji wengi wa kisa hiki husimama kwenye ajabu ya tafsiri. Somo letu la leo lataka kutazama mambo mawili ambayo hupitwa kwa haraka. La kwanza ni kwamba Yusuf a.s. hakuuza shauri lake. Mjumbe alipofika, yeye hakusema, nitoeni kwanza ndipo niwaambie. Alisema yote aliyoyajua, hali angali mfungwa. La pili ni kwamba mfalme alipomwita hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka habari ya wale wanawake ichunguzwe mpaka ukweli udhihirike. Kwa hiyo alipoingia katika baraza la mfalme hakuwa na deni kwa mtu yeyote wala hakuwa na doa ambalo mtu angeweza kumfumbia mdomo kwalo. Mshauri wa namna hiyo aweza kumwambia mtawala neno asilolipenda.

Na katika zama zetu watawala wana ndoto nyingi zinazowafadhaisha: nguvu iliyomo ndani ya atomu, hewa inayobadilika, mbegu za uhai zinazoweza kubadilishwa na mkono wa mwanadamu, na mitambo inayojibu maswali kama mtu. Waziri au rais hawezi kuyajua yote hayo kwa elimu yake mwenyewe. Lazima aulize. Je, amwulize nani? Na yule anayeulizwa, ambaye Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kuwa amewekewa amana, afanyeje amana hiyo isipotee?

Rai na wahyi

Kabla hatujafika kwa wanasayansi, yapasa tujue msingi wa jambo hili katika Uislamu, kwa kuwa wako ndugu wanaodhani kwamba mwenye imani hahitaji kuwauliza mabingwa wa elimu za dunia.

Mwaka wa pili wa Hijra (624), Waislamu walipofika Badr, Mtume Mtukufu s.a.w. aliweka kambi mahali fulani. Sahaba mmoja, Hubab bin Mundhir r.a., aliyekuwa mjuzi wa nchi ile na wa mambo ya vita, akaja kuuliza swali la adabu kubwa na la akili kubwa pia. Aliuliza kama mahali hapo pamechaguliwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu, ambapo hapana ruhusa kusogea mbele wala kurudi nyuma, au kama ni rai na hila za vita. Alipojibiwa kwamba ni rai, akasema basi mahali hapa hapafai, twende kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui, tukichimbie birika na kuvifukia visima vingine. Mtume s.a.w. akalikubali shauri lile, na jeshi likahama.

Hali kadhalika Madina, alipowaona watu wakichavusha mitende akasema hadhani kama jambo hilo lina faida. Wakaliacha, na mazao yakapungua. Walipomwambia, aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa dhana yake tu, na kwamba katika mambo yao ya kidunia kama hayo wao ndio wajuzi zaidi. Na katika vita vya Handaki aliifuata rai ya Salman r.a., mgeni kutoka Uajemi, ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea.

Tazama basi: aliyekuwa akipokea wahyi usiku na mchana hakuona unyonge kuufuata ujuzi wa mtu wa visima na wa mtu wa mitende. Ni mtawala gani wa leo atakayejiona mkubwa kuliko hapo?

Lakini swali la Hubab lina upande mwingine, nao wawahusu wataalamu wenyewe. Yeye alipambanua kwanza: hili ni la namna gani? Mtaalamu naye yampasa apambanue anapojibu. Kuna anachokijua kwa kupima na kuhesabu, na kuna anachokitaka yeye moyoni mwake. Akivichanganya viwili hivi na kuviita vyote elimu, amemhadaa mwenye kuuliza, hata kama nia yake ni njema.

Waliosema na wasisikilizwe

Mfano mkubwa wa karne iliyopita ni ule wa bomu la atomiki. Watu husimulia sana habari ya barua ya Agosti 1939, ambayo Albert Einstein aliitia sahihi na kumpelekea Rais Roosevelt wa Marekani, akimwonya kuwa bomu la namna mpya lawezekana na kwamba Wajerumani huenda wakalitafuta. Barua ile ilisikilizwa. Zile zilizofuata, za kutaka bomu lizuiliwe, hazikusikilizwa, na sisi twaona mafunzo yake ni makubwa zaidi.

Niels Bohr, bingwa wa Denmark, alitambua mapema kwamba siri ya atomu haiwezi kufungiwa, kwa sababu maumbile hayana nchi: alichokiona mtu mmoja maabarani, mwingine atakiona pia. Akaona ni afadhali mataifa makubwa yazungumze kabla bomu halijakamilika, wasije wakaanza mashindano ya silaha. Tarehe 16 Mei 1944 alipata nafasi ya kuonana na Waziri Mkuu Churchill mjini London. Mazungumzo yale yaliharibika. Churchill hakuwa na subira naye. Roosevelt alimpokea vizuri zaidi mwezi wa Agosti, lakini mwezi wa Septemba viongozi hao wawili walikubaliana kwa maandishi kwamba mwenendo wa Bohr uchunguzwe, asije akawapa Warusi habari. Mshauri amekuja na shauri la amani, akatoka akiwa mtu wa kushukiwa!

Mwezi wa Juni 1945 kamati ya wanasayansi saba wa Chicago, chini ya James Franck, iliandika taarifa ikishauri kwamba bomu lisiangushwe juu ya mji bila onyo, bali nguvu yake ionyeshwe mbele ya wajumbe wa mataifa mahali pasipo na watu. Shauri hilo likapelekwa kwa jopo la wanasayansi wanne waliokuwa wakiishauri serikali: Oppenheimer, Fermi, Lawrence na Compton. Wakajibu kuwa hawaoni onyesho litakaloweza kuvimaliza vita, wala njia nyingine ya kukubalika isipokuwa kulitumia bomu vitani. Na katika maandishi hayo hayo wakaongeza kwamba wao hawana ujuzi wa pekee katika kutatua matatizo ya siasa na ya kijeshi. Msomaji ayatazame vizuri maneno hayo mawili yaliyowekwa pamoja. Ikiwa hawakuwa na ujuzi wa pekee, mbona walitoa hukumu? Kwa maoni yetu hapa ndipo amana ilipolegea. Hawakusema uongo, lakini walikuwa ndani ya kazi ile, wameitumikia kwa miaka, na ni vigumu mtu kuipima kwa haki kazi ambayo mkono wake umeijenga.

Mwezi wa Julai, Leo Szilard, yule yule aliyekuwa nyuma ya barua ya 1939, alikusanya sahihi 70 za wanasayansi wakimsihi Rais Truman. Ombi hilo halikumfikia. Tarehe 6 Agosti ikateketea Hiroshima, na tarehe 9 Nagasaki.

Ijumaa ya tarehe 10 Agosti 1945, siku moja tu baada ya Nagasaki, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., Khalifatul Masih wa Pili, aliyalaani katika hotuba yake mauaji hayo ya watu wasio askari, akatamka kwamba ni wajibu wetu wa dini kutangaza kuwa hatuyahalalishi, hata kama serikali hazipendezwi na kauli hiyo. Siku hizo India ilikuwa chini ya Waingereza, washirika wa Marekani katika vita ile, na magazeti mengi yalikuwa yakishangilia.

Mtu aliyeondoka

Katika wote waliotengeneza bomu pale Los Alamos, Joseph Rotblat ndiye mwanasayansi anayejulikana kwa kuiacha kazi hiyo kwa sababu ya dhamiri kabla haijaisha. Alikuwa Myahudi wa Poland. Mkewe alibaki Warsaw vita vilipoanza, naye akaangamia katika mauaji ya Wanazi. Hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kutaka Hitler ashindwe. Lakini mwishoni mwa 1944, ilipobainika kwamba Wajerumani hawana bomu, aliona sababu iliyomleta imekwisha, akaondoka. Akashukiwa kuwa jasusi. Akarudi Uingereza, na baadaye akaielekeza elimu yake katika matibabu, katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London.

Mwaka 1954 Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yenye sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini, nje ya eneo lililokatazwa. Rotblat alizichambua hesabu za majivu yale, akatambua kwamba bomu hilo lilikuwa chafu mno kuliko ilivyosemwa. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Julai 1955, akawa mwenyekiti wa mkutano wa waandishi wa habari mjini London, ambapo Bertrand Russell alisoma tamko lililotiwa sahihi na watu 11 maarufu. Mmoja wao alikuwa Einstein, aliyelitia sahihi siku chache kabla ya kufa kwake.

Kutokana na tamko hilo ulizaliwa, mwezi wa Julai 1957, mkutano wa kwanza wa Pugwash, ulioitwa kwa jina la kijiji cha Kanada ulikofanyika. Walihudhuria watu 22 kutoka nchi 10, wakiwamo Wamarekani, Warusi, Wajapani na Mchina mmoja. Kanuni zao zafaa kujulikana. Kila mtu alihudhuria kwa nafsi yake, si kwa niaba ya serikali yake wala ya chuo chake. Mazungumzo yalifanyika faraghani, bila waandishi wa habari, ili mtu aweze kubadili rai yake pasipo aibu. Na waliporejea makwao, kila mmoja alikwenda kusema na wakubwa wa nchi yake aliowajua.

Wapinzani walisema mikutano hii ni chombo cha Warusi. Ni kweli kwamba Mrusi wa siku zile hakuweza kuipinga serikali yake hadharani, na uhuru wake haukulingana na ule wa Mwingereza. Lakini faida ilipatikana papo hapo palipo na upungufu: Mrusi aliposikia faraghani kutoka kwa mwenzake mwenye elimu moja naye kwamba majaribio ya bomu chini ya ardhi yaweza kutambuliwa kwa vyombo vya kupimia mitetemeko, alikuwa na jambo la kweli la kumpelekea Khrushchev, jambo ambalo mabalozi wasingaliweza kulieleza. Tarehe 5 Agosti 1963 ulitiwa sahihi Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia angani, katika anga za juu na chini ya maji. Haifai kudai kwamba Pugwash peke yake iliuleta. Walakini njia ilikuwa imelainishwa, na mwaka 1995 Rotblat na Pugwash waligawana Tuzo ya Nobel ya Amani.

Profesa Abdus Salam na chumvi ya Punjab

Wengi katika Jumuiya yetu wamjua Profesa Abdus Salam kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979, aliyoipata pamoja na Glashow na Weinberg, na kwa sababu katika karamu ya tuzo hiyo alisoma aya za Sura Mulk mbele ya mfalme wa Sweden. Wachache wajua kwamba tangu 1961 hadi 1974 alikuwa Mshauri Mkuu wa Sayansi wa Rais wa Pakistani, na kwamba alikuwa pia katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya kushauri juu ya sayansi na ufundi. Hapa ndipo penye somo, nasi tutakaa kidogo.

Bonde la mto Indus lina mifereji mingi ya kumwagilia mashamba, mingi yake iliyochimbwa enzi za Waingereza. Maji ya mifereji yalipenya ardhini mwaka hata mwaka, yakapandisha maji ya chini mpaka yakakaribia mizizi ya mimea. Jua likayavuta juu, maji yakaenda zake na chumvi ikabaki. Mashamba yaliyokuwa mabichi yakageuka meupe kama sakafu iliyomwagwa chokaa. Wakulima wakawa wanafukuzwa na maji yale yale yaliyokuja kuwalisha.

Mwaka 1961 Salam alimweleza habari hiyo Jerome Wiesner, mshauri wa sayansi wa Rais Kennedy. Kennedy akatuma jopo la wataalamu wa mambo mbalimbali chini ya Roger Revelle, ambaye kwa asili alikuwa bingwa wa elimu ya bahari. Dawa ya visima vya kuvuta maji kwa pampu ilikuwa inajulikana. Lakini ilipojaribiwa katika eneo dogo haikufaa. Jopo likaonyesha sababu. Mtoto anayechimba shimo ufukweni na kuyateka maji kwa kifuu ajua kwamba hayamaliziki, kwani yaingia kutoka pembeni. Ukichukua eneo kubwa mno, urefu wa mipaka yake waongezeka kidogo kuliko upana wa ardhi iliyomo, hivyo kinachoingia kutoka pembeni huwa kidogo kikilinganishwa na kinachovutwa. Kwa hiyo wakashauri ardhi ishughulikiwe kwa maeneo makubwa, kila moja la kadiri ya ekari milioni, pamoja na mbolea, mbegu bora na mafunzo kwa wakulima. Taarifa yao ilitolewa 1964.

Shauri lenyewe halikuwa la ajabu. Ni hesabu ya mzunguko na eneo, ambayo hufundishwa shule za kati. Lakini ilihitajiwa watu wasio wa idara yoyote ya Pakistani, wasio na mradi wa kuutetea, waseme kwamba mradi mdogo hautafaa kitu.

Kazi ya pili ya Salam ilikuwa Trieste. Tangu 1960 alishikilia mbele ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kwamba kijana wa nchi maskini mwenye kipaji cha fizikia asilazimishwe kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake. Wawakilishi wa baadhi ya mataifa tajiri walimcheka. Kituo kikafunguliwa 1964 nchini Italia, na hata leo wataalamu kutoka nchi maskini hufika huko kwa muda, wakaburudisha elimu yao, kisha wakarudi makwao kufundisha. Haya yana uhusiano gani na ushauri kwa watawala? Yana uhusiano mkubwa. Nchi isiyo na wanasayansi wake hupokea ushauri kutoka kwa muuzaji wa mitambo. Na muuzaji, hata awe mwaminifu, hashauri watu wasinunue.

Kisha ukaja mwaka 1974. Mwezi wa Septemba Bunge la Pakistani lilipitisha rekebisho la Katiba lililowatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Salam akajiuzulu cheo cha mshauri. Hakumkashifu mtu, wala hakuacha kuwasaidia vijana wa Pakistani waliomjia Trieste na London. Lakini hakukubali kukaa kiti cha mshauri katika serikali iliyojitwalia kazi ya kuhukumu imani iliyomo kifuani mwake. Wako waliosema kwamba angebaki angeifaa nchi zaidi. Twawaheshimu kwa nia yao, ila hatukubaliani nao. Mshauri ambaye amekwisha kunyamaza juu ya dhulma kubwa ili abakie na kiti, atanyamaza juu ya nini kesho? Watawala nao hulijua hilo, na kuanzia siku hiyo hawamsikilizi kwa namna ile ile.

Baada ya hapo alipata nafasi pana zaidi. Mwaka 1983 alianzisha Chuo cha Sayansi cha Ulimwengu wa Tatu, yaani umoja wa mabingwa wa nchi zinazoendelea. Na huko huko Trieste mwaka 1985 ukapandwa mti mwingine: Chuo cha Sayansi cha Afrika, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, yule aliyeanzisha Nairobi mwaka 1970 kituo maarufu cha kuchunguza wadudu, na makao yake yakawekwa Nairobi.

Kutoka Nairobi: habari ya ozoni

Nairobi yenyewe ina sehemu katika kisa ambacho kwa maoni yetu ndicho kizuri kuliko vyote, nacho chapaswa kufundishwa zaidi mashuleni.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa California, walichapisha makala fupi. Walionyesha kwa hesabu kwamba gesi zilizotumiwa katika majokofu na katika makopo ya kupuliza dawa na manukato hazipotei, bali hupanda juu sana, na huko jua huzivunja zikatoa klorini inayoliharibu tabaka la ozoni. Tabaka hilo ni kama mwavuli uliowekwa na Muumba juu ya dunia kuzuia miale mikali ya jua inayodhuru ngozi, macho na mimea. Wenye viwanda walipinga, nao walikuwa na haki ya kutaka ushahidi, maana wakati ule ilikuwa ni hesabu tu.

Ushahidi ulitoka mahali pasipotazamiwa. Joseph Farman na wenzake wawili, Waingereza, walikuwa wakipima ozoni kule Antaktika kwa chombo cha mtindo wa zamani, kazi iliyoanza miaka ya 1950 na ambayo kwa watu wengi haikuwa na faida ya kuonekana. Mwezi wa Mei 1985 walitangaza kwamba kila majira ya machipuo ozoni ya huko imepungua vibaya sana.

Hapo palihitajiwa mtu wa kuwaleta pamoja wanasayansi na mawaziri. Mtu huyo alikuwa Dakta Mostafa Tolba, Mmisri, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi. Tolba aliongoza mashauriano yaliyozaa Mkataba wa Vienna wa 1985 na Itifaki ya Montreal ya tarehe 16 Septemba 1987. Katika itifaki hiyo liliwekwa jambo la hekima: kwamba wataalamu wakutane mara kwa mara kuipima hali upya, na nchi zibadili hatua zao kufuatana na wanachokiona. Yaani watawala walikiri kwa maandishi kwamba hawakujua yote siku ile ya kutia sahihi. Nchi zote za Umoja wa Mataifa zimeikubali itifaki hiyo, na tabaka la ozoni laendelea kupona polepole.

Kwa nini hapa watawala walisikia, na mwaka 1945 hawakusikia? Sababu moja bila shaka ni kwamba gesi ya jokofu yaweza kubadilishwa kwa gesi nyingine, na hakuna jemadari anayeililia. Lakini tusisahau sababu nyingine. Maneno ya Molina na Rowland yalichapishwa mbele ya walimwengu wote, kila mwenye elimu aliweza kuyapima na kuyakosoa. Maneno ya Franck yalifungiwa kwa mhuri wa siri. Siri humfanya mshauri kuwa mateka wa yule anayemshauri.

Mitambo yenye akili

Leo swali limerudi kwa sura mpya. Mitambo ya akili mnemba yaandika, yachora, yatafsiri, na yaweza kuelekeza silaha. Tofauti moja na siku za Bohr ni kubwa: wakati ule wajuzi wengi walikuwa mikononi mwa serikali, na sasa wengi wao ni waajiriwa wa makampuni machache yenye fedha nyingi. Kwa hiyo mtawala anapotafuta wa kumwuliza, aghalabu humkuta yule atakayefaidika au kupata hasara kwa jibu lenyewe. Hatusemi kwamba watu hao ni waongo. Tumekwisha kuona kwamba wale wanne wa 1945 hawakuwa waongo.

Umoja wa Mataifa umejaribu mara kadhaa kutafuta dawa. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliunda bodi ya wanasayansi 26, iliyofanya kazi kutoka 2014 hadi 2016 na kisha ikamalizika. António Guterres akatangaza bodi nyingine mwaka 2023. Na mwezi wa Agosti 2025 Baraza Kuu likaamua kuunda jopo la kimataifa la kisayansi juu ya akili mnemba, lenye watu 40. Masharti yake yafanana kwa namna fulani na yale ya Pugwash: kila mmoja ahudumu kwa nafsi yake, wasizidi wawili wa taifa moja wala wawili wa taasisi moja, wala asiwemo mwajiriwa wa Umoja wa Mataifa. Kazi yao ni kueleza kinachojulikana na kisichojulikana. Kuamua ni kazi ya mataifa, katika mabaraza yaliyopangwa kufanyika Geneva mwaka 2026 na New York mwaka 2027.

Mpaka huo kati ya kueleza na kuamua ni mzuri. Ila usieleweke kwamba mtaalamu hana dhamiri. Hadhrat Mirza Masroor Ahmad, Khalifatul Masih wa Tano, alipowaandikia barua viongozi wa mataifa kadhaa mwaka 2012 akiwaonya juu ya hatari ya vita vya nyuklia, hakuandika kama mtaalamu wa atomu. Aliwakumbusha kwamba watahukumiwa na vizazi vitakavyozaliwa na vilema kwa sababu ya maamuzi yao. Hayo hayasemwi na vyombo vya kupimia. Rotblat naye alipoondoka Los Alamos hakuondoka kwa hesabu ya fizikia.

Wanafunzi wetu huuliza mara nyingi kama ipo haja ya mubashiri kujifunza mambo haya, badala ya kuyaachia vyuo vikuu. Twawajibu kwa swali: mtakapoulizwa na diwani au mkuu wa wilaya, katika mji wowote mtakaopelekwa, kama dawa fulani mpya ya mbegu ni halali na ni salama, mtajibuje? Uhalali ni juu yenu kuusoma. Usalama mwulizeni mwenye kuupima. Na kabla hamjamwuliza hilo, mwulizeni kwanza ni nani anayemlipa.